Orkide za Karamu

Nimesikia harufu ya maua ya orkide katika hoteli moja, na hasira ikanipanda upya.

Nilikuwa mtoto. Papa, baba yangu, alilinda kinamasi cha park, hifadhi ya taifa iliyo nje ya Bukavu, ambako orkide nyeupe na za njano zilimea juu ya miti. Mkubwa mmoja wa serikali alileta watu wenye mapanga, wachukue maua ya kupamba karamu yake. Wakaanza kuangusha miti mizima.

Papa akawazuia. "Hapa hakuna mutu atakata kitu!"

"Citoyen, hii iko majani tu," mkubwa akacheka, akimwita mwananchi kwa Kifaransa. Wakamfunga kamba mbele yangu.

Kesho yake mimi na maman tulimpelekea chakula kasho, alikofungiwa. Njiani tuliona orkide zimetupwa mtaroni, zimekanyagwa pamoja na chupa za bia.

"Angalia," maman akasema. "Papa yako amelala chini kwa kasho sababu ya hii."