Sahani ya Bluu

Mfasiri wa chumba cha juu, juu ya duka la viatu, hatafuti neno la Kiingereza kwa herufi. Hulitafuta kwa maana yake, kama mtu anayepapasa swichi ya taa kwenye chumba alichowahi kulala zamani. Hufumba macho, akasugua kidole gumba na cha shahada kana kwamba anapima kitambaa, akinong'ona: "Si huzuni. Ni jirani yake huzuni, ila huyu anatabasamu." Ndipo hufungua kamusi yake nene, iliyopangwa kwa maana, akazama humo mpaka chai inaota utando.

Juzi alikuja bibi mmoja kuandikiwa barua. Mjukuu wake alikuwa amerudi ng'ambo baada ya likizo, na Kiswahili hajui kukisoma. "Mwambie nina ile hali," bibi akasema, "ya kujua mtu kaondoka, lakini mkono haujajua." Mfasiri akafumba macho. Akapita kwa neno "upweke", akapita kwa "hamu", akabisha hodi kwa "mazoea". Kote akatoka mikono mitupu. Alipofumbua macho, bibi bado alikuwa anamngoja, kiganja kimekaa wazi mezani.

"Kwani mkono unafanya nini, bibi?"

"Unamtolea sahani yake, ile ya bluu. Kila mchana. Halafu nairudisha kabatini."

Mfasiri akafunga kamusi. Akaandika mkono, sahani, bluu, kabati, kwa Kiingereza cha mtoto wa darasa la kwanza, kisha akamsomea bibi kwa Kiswahili.

"Ehee," bibi akasema. "Kumbe neno ulikuwa nalo."