Matundu Kumi na Sita ya Dada

Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kulala chali sakafuni sebuleni, bodi ya umeme kifuani, macho kayafumba. Ukimuuliza anafanya nini, anakujibu, "Nipo kazini, niache." Mgeni angedhani ni uvivu. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba saa hizo yuko mbali, anatembea taratibu ndani ya nyaya kama mtu anayetembea bustanini.

Alikuwa mbunifu wa saketi katika karakana ya watu watano, inayotengeneza bodi za kuendeshea mashine za viwandani. Wenzake walimwita Mama Lehemu, ingawa hakujaliwa mtoto, maana hakuwa na nguo isiyo na tone la lehemu. Mimi ni mdogo wake. Nimesoma hadi kidato cha nne, na mambo ya umeme nayajua kwa kumsikiliza yeye tu.

Bodi ya mashine ina matundu ya kufungia waya. Mengine ni masikio: yanapokea habari kutoka kwenye sensa, vile vifaa vya kuhisi, kwamba pipa limejaa au mlango uko wazi. Mengine ni midomo: yanaiamuru mota izunguke, vali ifunguke. Kwenye bodi za zamani, sikio lilizaliwa sikio na likafa sikio. Kiwanda kikiongeza sensa mbili na masikio yamejaa, kinanunua bodi nyingine nzima, huku midomo minne imekaa bure. Hilo lilimuudhi dada kama kuona chakula kizuri kinamwagwa. Akataka bodi ya matundu kumi na sita, kila tundu liwe lolote: leo lisikilize, kesho liamuru, kwa kubadilisha mstari mmoja tu kwenye programu. Ilimchukua miaka mitatu. Kiwanda cha sabuni kikaagiza bodi thelathini.

Jumamosi kabla ya mzigo kupelekwa, bodi moja ilikuwa mezani kwetu inajaribiwa. Katika tundu la saba alifunga balbu ndogo, badala ya mota ya kisu cha kukatia sabuni. Mvua ilikuwa inanyesha polepole, mchana mzima umekuwa kama usingizi. Nikachomeka pasi ninyooshe shati la ibada. Balbu ikawaka, ikazima.

"Dada, taa yako inanikonyeza."

"Akukonyeze nani wewe, na shati hilo?" Hakufungua macho.

"Haki ya Mungu! Nikichomeka pasi tu."

Aliinuka. "Chomoa. Chomeka tena."

Tulirudia mara arobaini. Mara nyingine ilitulia, mara nyingine ikakonyeza. Dada akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Pasi ikivuta umeme, alinieleza, bodi inazimika kidogo na kuamka upya. Inapoamka, kabla programu haijasema neno, tundu halijui kama ni sikio au mdomo. Hapo ndipo linaropoka. Umeme wa karakanani ulikuwa tulivu, hakuna aliyeliona hilo. Kiwandani mota kubwa zinawashwa kutwa.

"Balbu hiyo kule ni kisu," alisema. "Na kisu kinasafishwa kwa mkono."

Jumatatu nilikwenda naye kupakia maboksi, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe. Bosi wake, alipoelezwa kasoro ile, alishika kichwa.

"Kufumba na kufumbua tu, Mama Lehemu! Nani ataona?"

"Atakayekuwa na mkono pale."

"Mteja akikataa, bodi yako tunaizika. Tunarudi kwenye za zamani, na wewe unarudi kutengeneza chaja."

"Sawa, bosi. Lakini mimi naenda kumwambia."

Njia nzima ya kwenda kiwanda cha sabuni midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaomba dua. Kazi yake ya miaka mitatu alikuwa ameipakata mapajani, ndani ya boksi.

Fundi mkuu wa kiwanda, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi tumbo likatikisika. "Mama, nimeuziwa vitu vibovu miaka ishirini. Hajawahi kuja mtu kuniambia kabla! Unataka siku ngapi?"

"Tisa."

"Chukua saba. Siku ya kuzifunga kwenye mashine nitajaribu mwenyewe. Kisu kikitikisika hata kidogo, mnaondoka na mzigo wenu."

Siku saba dada alilehemu resista ndogo kama punje za ufuta, moja kwa kila tundu, bodi thelathini. Kazi ya resista ni kulinyamazisha tundu mpaka programu iamke. "Nimelishika mkono," aliniambia, "kama mtoto anayesubiri kuvuka barabara." Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Alijifunga kitambaa kiunoni, akaendelea, akimtaja Mungu kwa sauti ya chini, moshi wa lehemu ukipanda mbele ya uso wake na kupotelea dirishani.

Siku ya kuzifunga bodi, fundi mkuu aliwasha mota zote kwa pamoja, akazima, akawasha. Taa zilififia. Kisu kimya.

"Kimekufa au kimetulia?"

"Kinasubiri kuambiwa," dada akajibu.

Bodi zikabaki. Na dada akapata miaka minne mingine, tunamshukuru Mungu kwa hiyo, hadi mwezi uliopita alipotutoka.

Wiki hii nilikwenda kiwandani kuwashukuru waliokuja mazishini. Fundi mkuu alinipitisha ndani. Hewa ilikuwa nyeupe kwa unga wa sabuni, watu wanaonekana kama wako ndotoni. Mama mmoja alikuwa anapangusa kisu kwa kitambaa, huku anataniana na mwenzake kuhusu mkwe mlafi. Mota kubwa ikaanza kuzunguka, taa zikafifia. Nikaukazia macho mkono wa yule mama. Ukaendelea kupangusa, na mkwe akaendelea kusemwa.

"Kaka," akaniita, "mbona unautazama mkono wangu hivyo?"

Nikamwambia, "Samahani, dada," nikatoka nje kulia.