Tulikwenda kwa Mjapani Tumeshiba Makande

Shoga yangu, sogea karibu. Wewe nakuamini. Najua hutanicheka mbele za watu, utasubiri ufike kwako.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, sisi wa huku Lushoto? Mtoto ukishajua Alhamdu, somo la pili lilikuwa kusema "nimeshiba". Hata kama tumbo linanguruma kama lori la mbao linalopanda Shume, ukikaribishwa chakula kwa watu jibu ni hilo hilo. Na ili usije ukadanganya ukapata dhambi, mama alikushibisha kweli kweli kabla hamjatoka nyumbani. Kwetu ilikuwa makande. Mahindi na maharage yaliyolala jikoni usiku kucha, asubuhi yamekuwa mazito, kijiko kinasimama chenyewe. Ukila hayo bakuli moja, mpaka Alasiri humkumbuki mtu.

Nakumbuka Idd moja tulikwenda kwa shangazi yangu, dada yake Baba, huko huko Shume. Ukungu ulikuwa mzito, tumevaa masweta juu ya nguo za Idd hata hazionekani. Mama alikuwa ametushindilia makande tangu tuliporudi kuswali. Njiani akatukumbusha alama zake. Akigusa hereni, kataa. Akifunga upya mtandio wake, kula, lakini uache nusu. Hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyewahi kukosea alama hizo, shoga. Tulizisoma kuliko kitabu cha hesabu.

Shangazi akatoka na sinia la pilau. Nyama juu, viazi vimekuwa vya kahawia, mvuke wenyewe unatuita kwa majina. "Haya, karibuni watoto wa kaka!" Wote shingo zikageuka kwa Mama. Mama akawa anatabasamu na wifi yake, mkono ukapanda taratibu, ukashika hereni.

"Tumeshiba, shangazi," tukasema kwa pamoja kama tuko mstarini shuleni.

Mimi machozi yakanitoka.

"Na huyu analia nini?"

"Moshi," akasema Mama.

Moshi! Pilau ilipikwa uani, mle ndani hakukuwa na hata kiberiti.

Somo la tatu lilikuwa la kelele. Ole wako uvute uji kwa mdomo. Baba yangu, Mungu amrehemu, akisikia fyuu moja tu alikuwa anauliza, "Nani kaingiza ng'ombe ndani?" Na Mama mwiko ulikuwa karibu. "Nataka nikuone unakula, sitaki nikusikie." Basi tulikuwa tunakunywa uji wa moto kimya kimya, ulimi unaungua, macho yametutoka kama vyura.

Watoto wa siku hizi wakifika kwa watu wanauliza kwanza waifai. Halafu wanauliza kuna nini cha kula. Halafu wanatoa vitunguu wanapanga pembeni mwa sahani. Angekuwa Mama yule wa zamani, hereni ingekatika.

Sasa sikiliza kilichotupata.

Binti yangu mkubwa, Zaituni, alisomea mapishi Tanga, akarudi nyumbani. Juu ya mji wetu kuna nyumba ndogo ya wageni ya mama mmoja wa Kijapani, Bi Haruko. Alikuja zamani kwa mambo ya mboga mboga, akapenda baridi yetu, akabaki. Mchana wa Jumamosi anapika vyakula vya kwao, na vya Wachina, na vya wale wa Thailand. Akamchukua Zaituni kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wa majaribio akamwambia, "Jumamosi hii utapika peke yako. Leta familia yako. Nikiona wamefurahi, unabaki."

Mwanangu alikuwa halali. Namsikia chumbani anahesabu viungo kama anayetoa uradi. Mimi nikamuuliza mara saba: hakuna nguruwe? Hakuna pombe? "Mama, kuku wamechinjwa na ustadhi. Na ile mvinyo yao ya kupikia Bi Haruko kaitoa kabisa, siku hiyo kaweka siki ya dukani." Nikasema sawa, Alhamdulillah.

Kazi ikabaki kwa Mama yangu. Siku hizi ni bibi wa kutembelea fimbo, lakini maneno hayatembelei fimbo. Kwake yeye kula hotelini ni kwa msafiri au mtu asiye na kwao.

"Yaani mtu atoke kwake, jiko analo, kuni anazo, akakae mezani kwa watu asubiri wali? Kuna msiba?"

"Bibi, ni mimi ninayepika," Zaituni akamwambia, sauti inataka kukatika.

Mama akamtazama usoni. "Nitakuja," akasema. Tukashangilia. Hatukumuuliza atakuja vipi, na hapo ndipo tulipokosea.

Jumamosi asubuhi Zaituni kashaondoka, mimi napiga pasi, nasikia hodi. Mama huyo. Nyuma yake kijana wa bodaboda kakumbatia sufuria kubwa imefungwa kwa kanga.

Shoga, sikuhitaji kufunua. Harufu niliijua tangu naota meno.

"Mama, tunakwenda kula."

"Ndiyo maana nimekuja mapema. Hatuendi kwa watu na njaa kama tumetoka jangwani. Leta mabakuli."

Mimi nina miaka arobaini na nne. Nimezaa. Kwenye kikundi cha akina mama mimi ndiye katibu, nimesomea kuandika barua darasa la jioni. Nikaleta mabakuli. Mume wangu, Baba Zaituni, akala mawili kwa hiari yake, anasema Mjapani hamwamini. Binti yangu mdogo, Mwanaidi, wa miaka kumi, akajaribu kukataa, akapigwa jicho moja, akala. Tukaswali Adhuhuri, tukapanda kilima. Tulikuwa tunapumua kama mbuzi wenye mimba.

Kufika, Bi Haruko yuko mlangoni. "Onga mshi, Bibi," akamwamkia kwa Kisambaa. "Shikamoo." Mama kidogo aangushe fimbo. Tukaambiwa tuvue viatu, tukakuta mikeka na meza fupi. Mama akakaa, akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Hawa wamelelewa." Tukaletewa vitaulo vya moto vya kunawia. "Tena wamelelewa vizuri." Akaviona vile vijiti vya kulia viwili viwili. Akanyanyua kimoja, akakipima kwa jicho.

"Hivi vya kuchokolea meno? Meno yao yana mapengo kiasi gani?"

Kisha akakiingiza chini ya mtandio akajikuna kichwa, akasema kinafaa sana.

Jikoni pale kuna pazia fupi. Linaishia magotini, kwa hiyo mtu aliye nyuma yake unamwona miguu tu. Nikaiona miguu ya mwanangu, soksi za sufu alizofumiwa na bibi yake. Inakwenda huku, inarudi kule, haitulii.

Chakula kikaanza kuja. Wali wa siki umeviringwa kwa mwani mweusi, wanaita sushi. Mama akasema, "Huu si mwani wanaolima pwani? Kumbe ulikuwa mboga!" Zikaja sambusa za mvuke, ndani kabichi na kuku, laini kama shavu la mtoto. Mwisho yakaja mabakuli ya supu ya tambi, wanaita rameni. Shoga, bakuli lenyewe ungeweza kumwogeshea mtoto. Supu ya kuku, tambi ndefu, yai limekatwa nusu linakutazama. Mwanaidi akapiga picha kila kitu kabla ya Bismillah, unajua vijana hawa, chakula hakishuki mpaka kipigwe picha. Na harufu sasa! Tangawizi, vitunguu saumu, ufuta. Ilikuwa ile pilau ya Shume imerudi kunidai mimi mwenyewe.

Nikageuka kumtazama Mama. Wallahi nimegeuka, na utu uzima wangu wote. Mkono wake ukapanda, ukashika hereni.

"Tumeshiba, ahsante," nikasema.

"Tumeshiba," akasema Baba Zaituni, na yeye huo ulikuwa ukweli mtupu.

Tukadonoa. Kijiko kimoja, tukaweka chini. Sushi moja tukagawana wanne. Kimya kama mtihanini. Bi Haruko akapita, akatabasamu, akatazama mabakuli, tabasamu likapungua. Akapita tena. Nikaona ile miguu nyuma ya pazia imesimama. Haiendi, hairudi. Halafu ikageuka ukutani, vidole vya soksi vimekunjana.

Mwanangu anadhani chakula chake kibaya. Na mwenye kuamua kazi yake anatuona tumekaa kama tumeletwa kwa nguvu.

Nikajiinamia kwa Mama. "Mama, mtoto anaharibikiwa."

"Kwani nimesema chakula kibaya? Nimekaa kwa adabu."

Mwanaidi akapenyeza kichwa. "Bibi, dada aliniambia kwa Wajapani hizi tambi zinavutwa kwa sauti. Mpishi anasikiliza akiwa jikoni. Akisikia kimya anajua hamjapenda."

"Kuvuta?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa sauti?"

"Sana."

Mama akageuka. Akalitazama pazia, akaziona zile soksi alizofuma kwa mkono wake. Na mimi nikaona vita usoni mwake, shoga. Miaka yote ile ya mwiko, ng'ombe wa Baba, uji wa moto. Akashusha mkono kutoka kwenye hereni. Akashika mtandio wake kwa mikono miwili, akaufungua mbele ya watu, akaufunga upya, akaukaza.

Akanyanyua lile bakuli. "Bismillahi Rrahmani Rrahim." Kwa sauti ya kusikika.

FYUUUUUUUU!

Nadhani sokoni walisikia. Wazungu wa meza ya pembeni waligeuka. Tambi moja ilipanda ikampiga puani, hakujali, akaifuata.

Fyuuuu! Mwanaidi. Fyuuuu! Baba Zaituni, huku mkono mmoja unafungua mkanda wa suruali. Na mimi, ndugu yangu, nikavuta. Nikavuta uji wote niliokatazwa tangu mtoto. Supu ikatelemka ikayakuta makande yamekaa, wakasukumana humo ndani, nikasikia wakipeana salamu. Tumbo liliniuma, machozi yalinitoka, na safari hii hakuna aliyesema moshi.

Nyuma ya pazia soksi zikaanza kuruka.

Bi Haruko akaja akainama kumshukuru Mama. Mama akaona si vizuri kuzidiwa heshima, akainama pale pale alipokaa. Bi Haruko akainama zaidi. Mama naye. Ikabidi nimshike bega, alikuwa anaelekea kwenye bakuli. "Zaituni aje Jumatatu," akasema Bi Haruko. "Abaki."

Mwanangu akatoka, unga kwenye nyusi. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Chumvi imezidi kidogo."

"Ndiyo, Bibi."

"Utakuja kunipikia hii nyumbani. Niivute nikiwa na njaa."

Zaituni akamlalia mapajani, mkubwa mzima.

Kurudi ilituchukua saa nzima. Tulikuwa tunapumzika kila tuta la kabichi. Mahali pamoja Mama akakaa kwenye jiwe, akapumua, akasema bila kunitazama, "Ile pilau ya Shume."

"Ipi, Mama?" Kama vile siijui.

"Niliitamani kuliko nyie. Makande ya siku ile yalitosha nyie tu, mimi sikuonja." Akachokonoa udongo kwa fimbo. "Mwaka uliotangulia mvua zilikataa. Mtu alisema watoto wangu wanajua kufika nyumba za watu saa ya chakula. Nikaapa hatasema tena."

Nikamwuliza, "Mbona hukufunga mtandio, hata kwa kujisahau?"

"Ningejisahau ningemaliza sinia," akasema. Tukacheka mpaka mbavu zikauma, na makande yakacheka pamoja nasi.

Shangazi ametangulia, pilau yake siwezi kuidai tena. Enzi zetu tulikuwa na baridi kali, adabu, na vyakula vitamu tulivyovitazama tu. Watoto wetu wanakula vya mataifa yote wakiwa wamevaa soksi, wanavipiga picha, wanasema "hii sipendi" bila woga. Zaituni wangu hajui hereni ya mama inasemaje. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini, shoga, nilipoiona ile hereni inashikwa nilirudi kuwa na miaka saba, na nisingekubali kubadilishana na mtu.

Haya, usikae nayo peke yako hii. Mpelekee dada yako, jirani yako, mwambie na yule rafiki yetu wa kule Mnazi, mtu yeyote aliyewahi kusema "nimeshiba" huku anameza mate. Na ukialikwa na mwanao, acha makande kwenye sufuria. Nenda na njaa yako, uvute mpaka jikoni asikie.