Ubao wa Pili wa Kaka

Saa mbili kasoro asubuhi, sakafu ya karakana bado ina ubaridi, na Fundi Taratibu anabadilisha mkanda wa msumeno ambao haujachoka. Mkanda wa jana ungekata siku tatu zaidi bila lawama. Anautoa hivyo hivyo, anaukunja, anautundika msumarini, kisha anayavisha magurudumu mawili ya mashine mkanda mpya, wenye meno makubwa, machache, yaliyoachana.

Mteja anayechungulia mlangoni anaambiwa arudi kesho. Leo mashine ina kazi moja tu.

Kazi yenyewe imelala mezani: ubao wa mkongo, urefu mita moja na nusu, unene vidole vitatu. Mkongo ni mti mgumu, na nyuzi za huu zimesokotana, zinakwenda huku na kurudi kule. Anatakiwa kuupasua katikati ya unene wake, zitoke mbao mbili nyembamba ambazo zikifunguliwa kama kitabu, maua yake, ile michoro ya nyuzi, yanatazamana. Zitakuwa milango ya kabati. Kabati lenyewe lina miaka tisa, na miaka yote hiyo vyombo vyake vimesitiriwa na pazia.

“Kabati lile halina milango kwa sababu yangu,” anasema, akiendelea kukaza mkanda. “Watu wanajua. Ila mimi sijawahi kulisema kwa mdomo wangu.”

Ana miaka hamsini na sita. Jina la Taratibu amepewa na wateja, ambao husema ukimpelekea ubao asubuhi, beba na godoro. Yeye hucheka nao. Wale wageni hawajui kwamba zamani aliitwa Umeme, na alilipenda jina lile kupita kiasi.

Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka minane, ndiye aliyemfundisha kazi. Kwa miaka kumi na saba karakana hii ilikuwa yao wote wawili: kaka anaunda makabati, mdogo anapasua mbao. Kaka alipata mbao mbili nzuri za mkongo kutoka gogo moja, akazikausha darini miaka sita, akizigeuza kila mwezi kama mgonjwa wa kitandani. Ubao mmoja ulikuwa wa milango ya kabati la harusi ya binti yake. Wa pili ulikuwa akiba, na baadaye mdogo alidhani umeuzwa.

Wiki ya harusi umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi, kaka alikuwa ametoka kwenda kununua bawaba. Umeme wa nyaya na Umeme wa jina wakakutana. Akaona amshangaze kaka yake: arudi akute ubao umeshapasuliwa.

Mkanda uliokuwa kwenye mashine ulikuwa umekata mbao mbichi wiki nzima iliyotangulia. Meno yake yalikuwa butu, tena madogo, yasiyoweza kuutoa unga wa mbao ngumu. Kuubadilisha ni kazi ya nusu saa. Hakuubadilisha.

“Nilisikia ukilia. Nikanusa harufu ya kuungua,” anasema. “Nikaushindilia ubao. Nilijua ninachofanya, usidhani sikujua.”

Kwa nje mchano ulikuwa umenyooka, juu na chini, kama mstari wa rula. Ndani mkanda ulikuwa umepinda. Mbao zilipoachana, moja ilikuwa na kitambi katikati, na nyingine ilikuwa nyembamba hata ukiinyanyua dirishani unaona mwanga.

Kaka alirudi na bawaba mkononi. Alizitazama mbao, akapitisha kidole gumba palipobonyea, akasema, “Ni ubao tu, mdogo wangu.” Kisha akachukua ufagio akafagia. Mwisho wa mwezi akahamishia vifaa vyake nyumbani. Tangu hapo wanasalimiana misibani na harusini, wanaulizana habari za watoto, basi. Hawakugombana. Wangegombana, huenda wangepatana.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa Fundi Taratibu ameshafika darasa la tatu.

Alhamisi iliyopita binti wa kaka, yule mwenye kabati, alishuka hapa na kitu kirefu kilichofungwa blanketi. “Baba mdogo,” alimwambia, “baba kasema ukate wewe.” Fundi aliuliza kama kuna neno jingine. Hakukuwa na neno jingine. Ndipo binti akaeleza kwamba baba yake, tangu mwaka jana, anatofautisha mwanga na giza tu. Alikuwa ameuhifadhi ubao huu, ule wa akiba, chini ya kitanda, na sasa anataka milango ya mwanawe ikamilike naye yupo.

“Kaka yangu amepoteza macho mwaka mzima,” anasema fundi, “nami ninaambiwa kama jirani wa mtaa wa tano. Hilo linaniuma kuliko ubao.”

Saa nne anaanza. Kwanza anapitisha kipande cha mkongo chakavu, aone mkanda mpya unapenda kuvutia upande gani, maana kila mkanda una tabia yake. Anageuza kidogo kizuizi cha pembeni kinachouongoza ubao, kifuate tabia hiyo. Anachora mstari wa penseli. Anapaka mezani mshumaa ili ubao uteleze. Kisha anausogeza ubao polepole kiasi kwamba ukimtazama unadhani amesimama.

Katikati sauti inabadilika. Ubao una mkazo wa ndani, na unaanza kuubana mkanda. Zamani angesukuma. Anazima mashine, anagonga kabari nyembamba kwenye mchano ufunguke, anakunywa maji, anawasha tena. Jasho linamdondoka kidevuni, wala halifuti, mikono haitoki kwenye ubao.

Kazi ya dakika sita za Umeme inamchukua saa nzima na robo. Mbao zinaachana. Anazilaza mezani, anazifungua, na maua yanatazamana. Anapima kila pembe, kisha katikati. Unene ni mmoja. Anakaa juu ya kigoda na kujifuta uso kwa shati, muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Jumamosi atazipeleka mwenyewe. Hatazipiga randa wala msasa. Anataka kaka azipokee zilivyotoka kwenye meno, ili kidole gumba kile kipite chote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Atabeba na vifaa, wafunge milango pamoja: kaka ashike, yeye akaze skrubu.

“Akikuta kosa anigombeze,” anasema. “Hata asipokuta, anigombeze kwa lile la zamani, nimelisubiri miaka tisa. Ila asiseme kwamba ni ubao tu.”