Wali wa Hitima na Mawakili wa Barazani Kwetu

Kwa, kwa, kwa. Mlio wa mitalawanda ya mkubwa wa mawakili, vile viatu vyake vya mti, juu ya sakafu ya baraza yetu, ninao masikioni hata leo. Ukisikika tu, mama husema, "Haya, wenye maneno yao wamefika," nami hukimbilia nyuma ya mlango, nikakaa kitako, sikio kwenye upenyo.

Baba yangu alikuwa mmoja wa watu waliowasemea wenzao mbele ya kadhi hapa Bagamoyo. Kila Alhamisi baada ya alasiri mawakili wote wa mji walikutana kwetu, maana baraza yetu ina kivuli kizuri. Walikuwa na mkubwa wao, na walikuwa na zamu: asiye na mtu wa kumsemea alipewa wakili wa zamu, apende wakili asipende. Wakigombana waligombania hapo hapo, kadhi asisikie. Na sharti lao kubwa lilikuwa hili, kwamba wakili akila chakula cha mtu hawezi tena kusimama kumpinga mtu huyo.

Mimi nilisoma Kurani chuoni kidogo tu, na kuandika nilifundishwa na baba, lakini niliota uwakili usiku na mchana. Jikoni nilipanga vifuu vya nazi, hiki mdai, hiki mdaiwa, nikawahukumu mpaka mchuzi ukaungua na mama akanihukumu mimi.

Basi mume wa somo yangu akafariki. Huyo somo ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, nampenda sana. Alikuwa angali ndani kwa eda, hatoki nje, shemeji yake akaja kutoka Saadani akasema nyumba ni ya ndugu yake, sasa ni yake yeye, na mjane akimaliza eda atafute pa kwenda. Na nyumba ile somo alipewa iwe mahari yake, mashahidi wako hai! Lakini wakili wa zamu angeweza nini? Shemeji alikwisha kumshika wakili hodari kuliko wote, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kutetemesha makuti.

Nikamwendea baba huku nalia. "Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Alhamisi nitaliweka barazani."

Akaliweka. Mkubwa wao akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani kati yetu hakwenda hitima ya marehemu?"

Wote walikwenda. Shemeji mtu ndiye aliyewaalika, na hitima, kisomo cha kumwombea maiti na wali wake, nani huikataa?

"Basi sote tumekula chakula chake," akasema mkubwa kwa huzuni. "Hatuna wa kumpinga."

Bwana mnene akacheka. "Poleni. Mimi namsemea aliyenilisha, sina kosa."

"Wewe ulilishwa kweli," mwenzake akamrukia. "Ukoko wote si uliukwangua wewe?"

"Ulikuwa mtamu, bwana! Aliyeupika wali ule Mungu amzidishie."

Aliyeupika? Nikagonga mlango kwa kidole.

"Una nini, mwanangu?" baba akauliza.

"Baba, wali aliupika somo mwenyewe. Mpunga wa shamba lake la Mapinga, tuliutwanga mimi na yeye. Hata mbuzi ni wake. Shemeji alileta mdomo wa kualikia tu."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe tumekula chakula cha mjane! Basi asiyeweza kupingwa ni yeye." Akamgeukia mnene. "Na wewe, bwana wa ukoko?"

Mnene akajishika tumbo. "Laiti ningejua ningekula kidogo. Haya, najitoa."

Zamu ya kumsemea somo ikamwangukia baba. Shemeji akaenda kwa kadhi peke yake, akasema sana, mashahidi wa mahari wakasema machache, na kadhi akakata hukumu kwamba nyumba ni ya mwanamke. Shemeji aliporudi Saadani, baba alimsindikiza mpaka mwisho wa mji. "Naye amefiwa," alisema.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbia mbele kupeleka habari. Nikamkuta somo kwenye mswala, mgongo wake kwangu, anasali, na mlango wa mbele umeachwa wazi kidogo. Nje ya kizingiti, mahali ambapo eda haikumruhusu kukanyaga, majani makavu yalikuwa yamejaa tangu msiba. Sikupiga hodi. Nikachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikafagia mlangoni pake taratibu, nikaendelea mpaka njiani.