Kijiko cha Lady Morven

Edah Sitati alipotua uwanja wa ndege wa Dulles, Washington, mwezi wa tatu mwaka 2004, ofisa wa forodha alimtolea kila kitu mkobani: unga wa wimbi, dagaa wa omena, Biblia, na kijiko kimoja kilichofungwa kwenye leso. Unga ukaenda, omena wakaenda. Kijiko alirudishiwa, naye akashusha pumzi, maana wimbi kwao Kimilili hauishi, lakini kijiko kile hakina cha pili.

Alikuwa amekuja Beltsville kulea mjukuu. Mwanawe Simiyu na mkewe Jepkosgei, muuguzi, walikuwa wakipishana mlangoni kwa shifti, huyu anavua viatu, yule anavaa. Mtoto alikuwa na miezi minane. Hospitali ilimwandika Ethan, sawa, hilo ni jina la karatasi. Jina la nyumbani hakuwa nalo, na kisa ni bibi yake.

Simiyu alitaka mtoto aitwe Sitati, jina la baba yake Edah. Edah alikataa tangu mimba. Kwao jina hurithiwa baada ya mwenyewe kuzikwa, na Sitati hakuwahi kuzikwa. Tena huyo alisemwa kuwa ni mtoro. Nani humpa mtoto jina la mtoro? Lakini Edah alikuwa mtoto wa pekee, visa yake ilikuwa ya miezi sita, na miguu yake ilikwisha kumwambia kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Akirudi bila kuamua, jina lingeishia kwake.

Habari yenyewe ni hii. Sitati aliingia jeshi la Mfalme Joji mwaka 1941. Mwaka uliofuata akapelekwa Madagaska, akarudi likizo na kijiko cha fedha kilichochorwa Lady Morven kwenye mpini. Ni jina la meli. Weee, alivyosimulia! Taa za vioo, ukumbi wa dansi, piano nyeupe. "Bwawa liko ndani ya meli, na meli iko ndani ya bahari, mnanisikia?" Kimilili nzima ikawa inamfuata kilabuni kusikiliza. Likizo hiyo ndiyo iliyomleta Edah. Mwezi wa pili 1944, Sitati alimwandikia mkewe kutoka kambini Mombasa: "Tunapanda tena meli ile ya kijiko. Mlishe mtoto." Kisha kimya. Chifu alileta neno moja tu, kwamba askari huyo hajulikani alipo.

Mwaka 1951 mdogo wa Sitati, Tobias, karani msomi wa watu, alipanda gari moshi hadi Mombasa kuuliza. Katika ofisi moja ya meli alionyeshwa kalenda ya zamani. Lady Morven hiyo hapo, nyeupe pe, wanawake wa Kizungu wamevaa magauni marefu, wanaume na glasi mkononi. Akauliza kama hiyo ni meli ya vita. Karani wa pale akacheka mpaka akakohoa. Tobias akarudi na ile picha. "Meli hii haiendi vitani," akawaambia wazee. "Kaka ametorokea Ulaya. Anakula raha."

Tobias hakusema uongo. Alisema alichoonyeshwa, na watu wakaongezea kwamba Sitati mwenyewe si alishawasimulia hiyo raha kwa kinywa chake? Mama yake Edah akawa si mke si mjane. Wazee walitaka arithiwe, akawaambia mume wake hajafa na wala hajatoroka, wachague jingine. Alikufa mwaka 1988. Aliomba kitu kimoja, kwamba upande wa kulia wa kaburi lake paachwe nafasi. Pakaachwa, pakaota majani.

Haya, tumrudie Simiyu. Kule nyumbani alijulikana kama ofisa wa serikali, Washington. Edah naye aliamini hivyo hadi wiki ya pili, Jepkosgei alipotoka kazini amechoka, mdomo haujui kuficha.

"Ofisa gani, Mama? Anasukuma toroli."

Ilikuwa kweli. Huko College Park kuna ghala la nyaraka za serikali, na kazi ya Simiyu ilikuwa kutoa masanduku kwenye rafu na kuwasukumia wasomaji ukumbini. Kazi halali, haina aibu. Lakini Jumapili ya wiki hiyo Tobias alipopigiwa simu, mzee wa miaka themanini, akauliza ofisini kukoje, Edah alimsikia mwanawe akijibu kwa sauti ya waziri: "Niko na hati za vita, babu. Mambo mazito."

Edah alingoja simu ikatwe.

"Mbona unamdanganya mzee?"

"Sijamdanganya. Hati nazishika kila siku."

"Haya basi, ofisa. Kama unazo hati za vita, niletee meli ya babu yako."

Alisema kwa kejeli tu. Simiyu aliona haya, halafu akaona kwamba inawezekana. Mfanyakazi haruhusiwi kujipekulia rafu apendavyo. Kwa hiyo siku yake ya ofu alivaa koti, akajiandikisha mlangoni kama msomaji yeyote, akaketi mezani, na mwenzake wa kila siku akamsukumia toroli huku akimwita "sir". Alikwenda ofu nne. Waingereza na Wamarekani walikuwa wakipeana taarifa za misafara ya meli, na katika sanduku la kumi na moja Lady Morven ikatokea.

Alirudi na fotokopi, akazipanga mezani jikoni. Edah alikuwa akimlisha mtoto uji kwa kile kijiko. Hakuacha kulisha.

"Soma."

Simiyu alisoma, akitafsiri taratibu. Meli iliundwa 1926, ikabeba matajiri miaka kumi na minne. Mwaka 1940 jeshi liliichukua. Ikapakwa rangi ya kijivu, vyumba vikabomolewa, ukumbi wa dansi ukatundikwa machela za kulalia. Bwawa lilikaushwa, likajazwa magunia ya mchele.

"Na piano?"

"Iliteremshwa 1940, Mama. Kabla hata ya safari ya kwanza ya askari."

Edah akashika kijiko hewani. Mtoto akakifuata kwa mdomo.

"Kwa hiyo hakuiona."

"Labda aliiona kwenye picha ukutani. Maofisa walikula kwenye saluni ya zamani. Askari wetu walilala chini kabisa, karibu na mashine. Hapa imeandikwa kulikuwa na kikosi chao cha kuosha vyombo vya maofisa."

Halafu Edah akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma, kicheko kikaisha yakabaki yenyewe. Kuosha vyombo! Ndiko kijiko kilikotoka. Kila avukaye maji husimulia sebule, jiko halitaji, na mmoja wao, mwanawe, alikuwa amesimama mbele yake na fotokopi mkononi.

"Endelea," akasema.

Mwezi wa pili 1944 Lady Morven ilitoka Mombasa kuelekea Ceylon. Siku ya saba ikapigwa na nyambizi. Ilizama kwa dakika tatu. Maofisa waliokufa wametajwa majina. Wauguzi wametajwa. Askari wa Afrika Mashariki wametajwa kwa hesabu tu, mia sita na kumi na moja.

"Jina lake halipo, Mama. Samahani. Hatuna uhakika."

"Uhakika ninao," Edah akasema. "Mama alinisomesha ile barua hadi nikaijua kama Baba Yetu. *Tunapanda tena meli ile ya kijiko.* Mwezi wa pili." Miaka hamsini sentensi hiyo ilikuwa ushahidi wa utoro wa baba yake.

Jumamosi asubuhi alinunua kadi ya simu, akampigia Tobias. Alimweleza yote, hata vyombo, hata piano. Kule upande wa pili ng'ombe alilia.

"Nilimnyima kaka yangu kaburi," Tobias akasema hatimaye.

"Ulimnyima, Baba. Na mama yangu nikamzika na majirani wakimcheka. Nina hasira na wewe, sitaficha."

"Usifiche."

"Lakini hata kaka yako alijisingizia raha. Mlikuwa wawili." Akavuta pumzi. "Kata mgomba uwe badala ya mwili wake. Uvishe shati, muuzike upande wa kulia wa Mama. Paliachwa."

"Nitachimba mwenyewe."

"Una miaka themanini."

"Nitachimba mwenyewe, Edah."

Walizika Jumatano. Huku Beltsville Jepkosgei alishika simu, wote watatu wakasikiliza nyimbo, kisha udongo ukianguka. Mtoto alikuwa kitini, ana njaa, anapiga meza kwa viganja.

Edah aliosha kijiko, akakifuta, akachota uji, akapuliza.

"Sitati," akasema, "fungua mdomo."