Pevingi Juu ya Kivumbasi

Sisi Wazaramo ndio wenyeji wa Dar es Salaam, na kwa heshima hiyo jiji limetusogeza pembeni. Mimi nilibahatika kupata kiwanja Tegeta, nikajenga, nikamchukua mama kutoka Kisarawe aje apumzike. Hakupumzika. Mwaka wa kwanza tu uwanja wa mbele ulijaa majani yake ya dawa: kivumbasi, mtunguja, na mengine ambayo hata majina sikuuliza, maana mimi ni msomi. Alichuma asubuhi tu, na kabla ya kuchuma aliupigia mti hodi. Majirani walimjua kuliko walivyonijua mimi mwenye nyumba.

Basi nikaalika wakubwa zangu wa ofisini. Mtu na cheo chake hawezi kupokea wageni kichakani. Nikamwonyesha mama picha ya pevingi kwenye simu. Akatazama, akasema, "Pazuri, baba." Nikaichukua hiyo kuwa ruhusa. Mafundi wakafyeka, wakashindilia, wakapanga vitofali vya rangi mbili. Ili nisionekane mkatili, nikamnunulia kopo la kivumbasi cha unga kutoka Mikocheni, limeandikwa "asilia kabisa".

Alifungua, akanusa. "Kimeanikwa juani hiki. Kimekufa." Akalifunga taratibu, akaniambia nisisumbuke. Wageni walikuja, wakasifu sana pevingi.

Jumatatu yake akaja jirani yetu, mwalimu, mtu wa bara, mtoto mgongoni analia.

"Shikamoo bibi. Nimefuata yale majani ya chango."

Nilikuwa kibarazani nafunga viatu. Mama aliuangalia uwanja, akainama kidogo kama aliyedondosha sindano, akainuka.

"Sina, mwanangu."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimjibu hivyo mtu mwenye mtoto anayelia. Mwalimu akaaga kwa adabu, akaenda kutafuta bajaji ya kumpeleka zahanati. Mimi nikaendelea kuhangaika na kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Niliporudi jioni nilimkuta sebuleni ananisubiri.

"Nirudishe nyumbani, baba."

"Mama, si upo kwa mwanao? Hapa unakosa nini?"

"Kazi," akasema.

Niliona aibu. Nilitaka kumwambia kesho nitaving'oa vitofali vyote, kimoja kimoja, kwa mikono yangu. Nikamuuliza begi lake liko wapi.